Kabla hujamlipa fundi wa kuondoa fangasi ukutani

Mimi ni mshonaji. Nakaa Mwananyamala, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya vyumba sita tuliyoachiwa na marehemu baba. Vinne nimepangisha, kimoja tunalala mimi na mwanangu, na kimoja ni chumba cha cherehani. Masika ya mwaka 2024, baada ya zile mvua za El Niño zilizoanza vuli ya mwaka uliotangulia na kukataa kukoma, ukuta wa chumba cha cherehani ulianza kuota madoa meusi. Yalianzia chini karibu na kona, madogo kama punje za uwele. Wiki ya tatu yalikuwa yameshafika usawa wa meza ya kukatia. Siku niliyofungua kabati nikakuta gauni la sendofu la mteja limepata vidoa vya kijivu kwenye pindo, na chumba kizima kinanuka uvundo kama nguo zilizosahaulika ndooni, nilitoka nje nikaanza kuulizia mtu wa kuondoa fangasi.

Mwanangu ana miaka tisa na ana pumu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonitia haraka, na haraka yangu ndiyo ilikuwa mlango walioingilia matapeli. Ndani ya siku nne nilikuwa nimewalipa vijana wawili shilingi 650,000. Walipuliza, wakapaka rangi, wakaondoka. Wiki ya tano madoa yakatokeza juu ya rangi mpya, pale pale.

Kama ukuta wako umeanza kuota ukungu na umeshika simu unataka kumpigia mtu, nakuomba usome kwanza.

Ulizia maji kabla ya kuulizia dawa

Ukungu, huo tunaouita fangasi, ni kuvu. Mbegu zake ndogo zisizoonekana zinaelea hewani kila mahali, Masaki kwa matajiri na Manzese kwa watu wa kawaida, ndani na nje. Hakuna fundi anayeweza kuzimaliza, na anayekuahidi "nyumba isiyo na fangasi hata moja" anakuahidi kisichowezekana. Kinachozifanya mbegu hizo ziote ni unyevu. Kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, mara nyingi ukungu haupati nafasi. Kikibaki kimelowa, hata ukikipulizia kila wiki, utaota tena.

Kwa hiyo mtu akija kwako kwa kazi hii, swali la kwanza linalopaswa kutoka mdomoni mwake ni kuhusu maji. Wale vijana wangu hawakuliuliza. Waliuliza chumba kina ukubwa gani na nataka rangi gani.

Hapa Dar maji yanaweza kutoka sehemu nyingi. Kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta. Kuna tundu la msumari kwenye bati, au gata lililoziba majani ya mwembe mpaka maji yakarudi ndani ya dari. Kuna bomba la maji ya AC lililoziba, yakamwagikia ukutani badala ya nje. Kuna vigae vya bafu vilivyoachia katikati. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo ukuta unanyonya maji ardhini kama kitambaa kinavyonyonya kwenye beseni, na mitaa ya mabondeni ambako maji ya ardhini yako juu hali huwa mbaya zaidi. Na kuna unyevu wa hewa yenyewe. Mji wetu uko baharini. Ukipika ndani, ukaanika nguo ndani, ukafunga madirisha kwa hofu ya mbu au wezi, hewa inajaa maji na inayaacha kwenye ukuta ulio baridi kuliko nyingine.

Kila chanzo kina fundi wake. La bomba ni la fundi bomba, la bati ni la fundi paa, la AC ni la fundi AC. Na unyevu wa hewa wakati mwingine hauhitaji fundi kabisa, unahitaji dirisha kufunguliwa na kabati kusogezwa kiganja kimoja mbali na ukuta.

Vipimo vya nyumbani ambavyo havihitaji mtu

Cha kwanza ni mita ya maji, na hiki ndicho ningekifanya ningekijua. Chagua siku ambayo maji yanatoka, si siku ya mgao. Usiku watu wakishalala, funga mabomba yote, na funga koki inayopeleka maji kwenye simtanki, maana boya likishuka tangi litajijaza na kukuharibia hesabu. Andika namba zote za mita ya DAWASA, mamlaka yetu ya maji, pamoja na zile tarakimu nyekundu za mwisho zinazoonyesha lita. Alfajiri kabla mtu hajanawa, soma tena. Zikiwa zilezile, mabomba kuanzia kwenye mita mpaka ndani ya nyumba hayavuji. Zikiwa zimesogea, maji yanakwenda mahali. Yangu, nilipokuja kupima baadaye, yalisogea kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, na hakuna aliyefungua bomba. Kama nyumba yako inatumia maji ya tangi, mita haitakuambia kitu kuhusu bomba la baada ya tangi. Hapo weka alama ya chaki pale maji yalipoishia kwenye tangi, uangalie asubuhi.

Cha pili ni nailoni. Chukua ile ngumu ya kufunikia meza, kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasibaki mwanya. Kibandike mahali ambapo rangi bado imeshika. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone juu, upande unaotazama chumba, unyevu ni wa hewa ya humo chumbani. Kipimo hiki kinakugharimu selotepu, na kitakuokoa usichimbe ukuta usio na kosa.

Kisha hakikisha unachokiona ni ukungu. Ule unga mweupe unaochipuka ukutani na kubandua rangi, wengi tunauita fangasi, lakini mara nyingi ni chumvi. Maji yakipita kwenye tofali au plasta huyeyusha chumvi iliyomo, hasa kama mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi, na yakifika nje yanakauka na kuiacha juu. Kwangua kidogo utie kwenye kijiko cha maji. Chumvi itayeyuka, ukungu hautayeyuka. Chumvi haihitaji dawa ya fangasi hata tone moja, ingawa inakuambia kuwa maji yanapita hapo. Madoa meusi nayo wakati mwingine ni moshi wa jiko la mkaa. Gusisha tone la jiki iliyochanganywa na maji, subiri dakika moja au mbili. Doa likififia, yaelekea ni ukungu. Likibaki lilivyo, yaelekea ni uchafu.

Na jiki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia. Inatoa gesi inayounguza mapafu. Wale vijana walichanganya jiki na dawa ya choo kwenye ndoo moja, kwenye korido yangu, mwanangu akiwa amekaa mlangoni anafanya hesabu za shule. Nilisikia harufu inachoma pua kabla sijaelewa ni nini. Mtoto alianza kukohoa, kile kikohozi kikavu ninachokijua, nikambeba mgongoni mpaka kwa jirani, nikatafuta kibomba chake cha dawa kwa mikono inayotetemeka. Ilitulia baada ya nusu saa. Sitasahau, na sitamruhusu tena mtu kuchanganya kitu nyumbani kwangu bila kuniambia ni nini na nini.

Maneno na vidude vya kutishia

Watu hawa hawauzi kazi, wanauza hofu. Ukizijua mbinu zao, hofu inapungua.

Ya kwanza ni rangi. "Mama, hii ni fangasi nyeusi. Hii inaua." Aliniambia hivyo huku akimwangalia mwanangu. Ukweli ni kwamba kuna kuvu jeusi linaloitwa Stachybotrys ambalo limevumishwa sana, lakini makuvu mengi ni meusi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Tena haibadilishi kazi: la aina yoyote, unazuia maji na unaliondoa. Ukungu una madhara kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kuwa unyevu na ukungu ndani ya nyumba vinahusiana na pumu na matatizo mengine ya kupumua, na mimi nayaona kwa mtoto wangu. Ndiyo maana unastahili kuondolewa na mtu anayejua. Lakini anayekuambia kwa kutazama tu kwamba ukuta wako una la kuua, anabahatisha.

Ya pili ni kidude chenye sindano mbili. Kijana alikitoa mfukoni, akakichomeka kwenye doa, kikalia, taa nyekundu ikawaka. "Unaona? Imeshaingia ndani kabisa." Hakukichomeka kwenye ukuta mwingine wowote. Miezi baadaye fundi AC wa jirani alikuwa na kidude kama hicho, nikamwomba nikijaribu. Nilikigusisha kiganjani mwangu. Kikalia vilevile, nyekundu vilevile. Fundi yule akanieleza: kinapima jinsi umeme mdogo unavyopita kati ya zile sindano mbili. Unyevu unaupitisha, lakini chumvi ya ukutani nayo inaupitisha, na jasho la mkono pia. Ni kifaa kizuri mikononi mwa mtu mkweli, kwa sababu mkweli atapima doa, atapima juu ya doa, atapima ukuta mkavu wa chumba kingine, ataandika namba zote mbele yako, na namba hizo zitamwonyesha maji yanakotokea. Mtu akikuonyesha taa moja nyekundu, mwambie apime na ukuta wa pili. Tazama atakavyofanya.

Ya tatu ni visahani. Mwenzangu wa Tabata, mshonaji kama mimi, aliletewa visahani vyenye kitu kama jeli, vikawekwa chini ya kitanda siku tatu. Waliporudi vilikuwa vimeota manyoya ya kijani na kijivu, wakamtajia shilingi milioni moja na laki mbili. Nimeshasema, mbegu ziko kila mahali. Kisahani hicho kingeota hata kwenye nyumba kavu kabisa, kama mkate unavyoota ukiuacha juu ya kabati. Mamlaka ya mazingira ya Marekani yenyewe inasema kuwa ukungu ukionekana kwa macho, mara nyingi hakuna haja ya kuupima, na haijaweka kiwango cha ukungu hewani ambacho nyumba inaweza kusemwa imekivuka. Kwa hiyo mtu akikuambia nyumba yako "imevuka kiwango", muulize kiwango hicho kimewekwa na nani.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa Wamarekani. Katika majimbo kama Texas, Florida na New York, sheria inazuia anayepima ukungu asiwe yeye huyohuyo anayelipwa kuuondoa kwenye kazi hiyo hiyo. Sababu yake inaeleweka hata kwa mtoto: anayepata pesa ukungu ukiwepo hawezi kuachiwa peke yake aseme kama upo. Wewe unaweza kujiwekea sheria hiyo nyumbani kwako. Anayekuja kuangalia mlipe ya kuangalia, akuandikie alichokiona. Wa kufanya kazi awe mwingine.

Na haya mengine, yakisemwa, maliza mazungumzo: bei kamili kwa simu kabla hajauona ukuta, "punguzo ni la leo tu", garantii ya miaka kumi kutoka kwa mtu ambaye huna chake zaidi ya namba ya simu.

Fundi wa kweli anafanyaje kazi

Baada ya rangi yangu kuharibika, jirani alinipeleka kwa fundi bomba mmoja mzee wa mtaani. Alikuja na mfuko wa kaki wenye tindo, nyundo na koleo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bafu liko upande gani?"

Lilikuwa neno lake la pili ndani ya nyumba yangu. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba nyuma ya ukuta ule kuna bafu la wapangaji. Hakugusa doa. Alienda bafuni, akaangalia shawa, akarudi, akaweka kiganja ukutani na kukisogeza taratibu kama mtu anayepapasa homa ya mtoto. Kisha akagonga kwa mpini wa tindo, ko, ko, ko, mpaka sauti ikabadilika ikawa nzito ya uvungu. Akachimba tundu la ukubwa wa sahani ya chai. Plasta ilitoka laini, ya kahawia, kama ugali ulioachwa na maji. Ndani kulikuwa na kiungo cha bomba, kile cha kona. Tone lilijikusanya chini yake, likanenepa, likaanguka, na jingine likaanza. Tulisimama tukilitazama. Kiungo kipya nilikinunua kwa shilingi elfu tatu, yeye nikampa elfu arobaini, na akakataa kunipigia plasta siku hiyo. "Ukuta umelowa huu. Ukiufunga sasa unafungia maji ndani."

Ukikataliwa hivyo, shukuru. Anayekubali kupaka rangi kesho yake juu ya ukuta uliolowa amekuonyesha kwamba hajali utakavyokuwa mwezi ujao.

Kazi yenyewe ya kuondoa ukungu, maji yakishazibwa, ina mambo ambayo unaweza kuyaangalia kwa macho yako bila kuwa fundi. Kabla ya kuanza anatoa vitu chumbani au anavifunika, anazima feni na AC, anafunga mlango kwa nailoni, kwa sababu ukungu ukikwanguliwa unarusha mbegu na feni inazipeleka vyumba vyote. Anavaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, siyo kitambaa, na glavu, na miwani ya kukinga macho. Hakwangui pakavu. Analowesha kwanza kwa maji ya sabuni, ndipo anasugua. Ukuta wa saruji unasafishika. Lakini silingbodi, jipsamu, godoro, boksi za karatasi na vitu vingine laini ambavyo ukungu umeingia ndani havisafishiki, vinakatwa au vinatupwa, na vinafungwa kwenye mfuko kabla ya kupitishwa koridoni. Plasta iliyooza inachimbwa mpaka kwenye plasta ngumu.

Dawa ina nafasi yake, lakini sikia hili vizuri. Ukungu uliokufa ukabaki ukutani bado unaweza kumsumbua mwenye mzio au pumu. Kwa hiyo kuua peke yake hakutoshi, lazima uondolewe. Mtu ambaye kazi yake yote ni kupuliza, awe na pampu ya mgongoni au mashine ya moshi, hajaondoa kitu. Na rangi juu ya ukungu, hata iwe ya bei gani, itabanduka. Hao wa kwangu walipuliza, wakapitisha brashi ya rangi juu ya madoa ambayo bado nilikuwa nayaona, wakaniambia "dawa iko humo humo kwenye rangi".

Halafu kuna kusubiri. Plasta mpya ya saruji huachwa wiki kama nne kabla ya rangi. Bandika tena nailoni yako siku mbili kabla hujaruhusu kopo la rangi lifunguliwe.

Karatasi, dawa na pesa

Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu ndipo nilipozubaa.

Kampuni ya kweli ina usajili wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni. Ina TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara ya manispaa. Inatoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ambayo ina namba unayoweza kuihakiki kwenye mtandao wa TRA, mamlaka ya mapato. Risiti niliyopewa mimi ilichanwa kwenye kitabu cha kawaida cha dukani, ikapigwa muhuri ambao baadaye niligundua hauna hata anwani. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama si jina la kampuni wala la mtu aliyesimama mbele yako, usilipe.

Wengi wanaojiita wataalamu wa fangasi ni wapuliza dawa za mende na kunguni walioongeza mstari kwenye tangazo. Dawa ya mende haiondoi ukungu. Anayetoa huduma ya kupuliza viuatilifu kibiashara anapaswa kuwa na kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Muombe akuonyeshe. Na muombe akuonyeshe dawa ikiwa ndani ya chombo chake chenye lebo. Ya wale vijana ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa. Nilipouliza ni nini, waliniambia ni siri ya kampuni. Kwenye nyumba yenye mtoto hakuna siri ya dawa. Kama hawezi kuitaja, asiifungue.

Simaanishi kwamba fundi wa mtaani asiye na kampuni ni tapeli. Mzee wangu hana hata kadi ya biashara. Fundi wa namna hiyo muulize kazi mbili alizofanya masika yaliyopita, uende ukazione mwenyewe sasa, wakati mvua imeshapita juu yake. Muulize kama ana cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Wanatoa vyeti hata kwa waliojifunzia kazi mtaani, kwa mpango wa kurasimisha ujuzi, kwa hiyo kutokukaa darasani si kisingizio. Kazi ikiwa kubwa, ya kuvunja ukuta au kugusa msingi, tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Na mtu akikuletea cheti cha nje chenye nembo ya kupendeza, usitazame nembo, tafuta jina lake kwa waliokitoa.

Andikianeni. Karatasi moja ya daftari inatosha: maji yametoka wapi na nani ameyaziba, ukuta upi na mita ngapi, dawa gani kwa jina, nani ananunua vifaa, siku ngapi, shilingi ngapi na zinalipwa lini. Mtie sahihi mbele ya mjumbe au jirani anayeheshimika. Vifaa nunua mwenyewe, ukienda Kariakoo upande wa Gerezani au dukani karibu nawe. Pesa ya kazi igawanye. Mimi sasa nalipa theluthi ukungu ukishaondolewa, theluthi ukuta ukishakauka na nailoni ikathibitisha, na ya mwisho mwezi mmoja baada ya rangi. Fundi mmoja alikataa masharti hayo akaondoka amenuna. Wa pili alikubali bila neno, na ndiye aliyenipigia plasta.

Pengine humhitaji mtu

Kama doa ni dogo, tuseme halizidi mita moja kwa mita moja, na maji umeshayaziba, na ukuta ni wa saruji, unaweza kuliondoa mwenyewe. Barakoa, glavu, dirisha wazi, maji ya sabuni, brashi ngumu, kitambaa cha kukaushia unachokitupa. Mwenye pumu asiwe ndani, na asiwe yeye anayesugua. Ukungu uliotokana na maji ya choo au mafuriko ni habari nyingine, huo usiuguse bila mtu anayejua, kwa sababu maji hayo yana vimelea vyake.

Kama umepanga, usitoe pesa yako kabla mwenye nyumba hajajua. Piga picha ukuta, umtumie kwa ujumbe ili tarehe ibaki. Bomba la ndani ya ukuta ni la nyumba. Nasema hivyo nikiwa mwenye nyumba: ningependa mpangaji wangu aniambie doa likiwa na ukubwa wa kiganja kuliko niambiwe likiwa mlango mzima.

Na kama umeshaibiwa, kusanya ulichonacho: picha za kabla na baada, ujumbe wa simu, muamala, karatasi ya makubaliano. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, wamuite. Asipofika, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai na polisi wanalipokea, na madai ya pesa unaweza kuyafungua Mahakama ya Mwanzo. Mimi sikuwa na jina lao kamili, nilikuwa na jina la utani na namba ya simu isiyopatikana tena, kwa hiyo niliishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Ndiyo sababu nakuhimiza upige picha kitambulisho cha mtu kabla hajafungua begi lake.

Ukuta wangu ulipakwa rangi Septemba. Gauni la sendofu nililishona upya kwa pesa yangu, mteja akalivaa. Kila tarehe mosi naamka alfajiri, nasoma mita, naandika namba kwa chaki ya kukatia nyuma ya mlango wa chumba cha cherehani, chini ya ile ya mwezi uliopita.